Marathoni kila Jumapili: Shabiki, unalipia fulana au unalipia mbio?

KUNA timu moja hapa nchini inatoka uwanjani karibu kila wikiendi. Haina kocha wa kigeni, haina dirisha dogo la usajili, na mashabiki wake ndio haohao wachezaji wake. Ni timu ya wakimbiaji wa kujifurahisha.

Wapo wa Simba humo, wapo wa Yanga, wapo wa Azam na Singida. Wengine wanakuja na jezi za klabu zao, wanakimbia bega kwa bega, wanataniana njia nzima na hakuna anayerushiwa chupa. Mtu aliyekuwa bingwa wa kubishana kijiweni kuhusu nani amechoka dakika ya 70, leo naye anajua maana ya kuchoka.

Jambo hili ni zuri na halihitaji kubezwa. Lakini limekua haraka kuliko utaratibu wake. Kila benki ina marathoni, kila chuo kina marathoni, mkoa una yake, wilaya ina yake, na sasa hata kata zinajipanga. Namba ya kifuani kwenye mbio nyingi za mijini inauzwa Sh30,000, Sh40,000 na kwenda juu. Ukizidisha kwa watu 3,000 unapata mzigo ambao klabu nyingi za Ligi Daraja la Kwanza zingeuota.

Swali la leo ni dogo tu. Ukishatoa hela yako, umenunua nini? Fulana na medali, au mbio?

TUMEFIKAJE HAPA

Kwa miaka mingi mbio za barabarani zilikuwa kitu cha wanaume wembamba kutoka Arusha, Mbulu na Singida. Sisi wengine tulikuwa tunawasoma kwenye kona ya ukurasa, chini ya matokeo ya ligi. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Tulishangilia, tukarudi kwenye mpira wetu.

Mambo yakaanza kubadilika taratibu. Mwaka 2003 ikaanza Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Mwaka 2009 Mwanza wakaja na Rock City Marathon. Watu wakagundua kwamba si lazima ushinde. Unaweza kwenda Moshi, ukakimbia kilomita 5 au 21 zako, ukala nyama na washkaji, ukarudi Dar na medali shingoni.

Huku mitaani nako klabu za jogingi zilikuwa zimeshika kasi. Temeke, Kinondoni, Ilala, Zanzibar, kila mtaa na kundi lake. Wanatoka alfajiri na mchakamchaka, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuitaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Sukari na presha si habari za wazee tena, kila familia ina mgonjwa wake.

Halafu kampuni zikaona fursa. Mbio zinakusanya watu wenye kipato, wanapiga picha, wanaziweka mitandaoni zikiwa na nembo ya mdhamini kifuani. Hakuna bango la barabarani linaloweza kufanya kazi hiyo. Na zikaja mbio za hisani: CRDB Bank Marathon iliyoanza mwaka 2020 ikajinadi kwa upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, NBC Dodoma Marathon ikajinadi kwa vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

Kisha Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu akafanya kile ambacho hakuna Mtanzania aliyewahi kukifanya: dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Kilomita 42, halafu yeye na Mjerumani Amanal Petros wakafika mstarini kwa muda uleule wa saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ni bao la dakika ya 90 na ushee, tena la kuangaliwa VAR. Baada ya pale hata shabiki ambaye hajawahi kukimbia hata kulifukuza daladala alitamani kununua raba.

Kwa hiyo watu wapo, hela ipo, hamasa ipo. Sasa tuangalie kinachouzwa.

KILOMITA 21 AU KIASI HICHO?

Tuanze na jina. Siku hizi kila kitu kinaitwa marathoni. Kilomita 5 za kuzunguka soko, marathoni. Kilomita 10, marathoni. Wanaojua riadha wanacheka tu.

Marathoni ni kilomita 42.195. Umbali huo ulikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na mwaka 1921 ukafanywa kuwa kipimo rasmi cha dunia. Nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na ushee. Nyingine zote ni mbio nzuri, zina heshima yake, lakini si marathoni, kama vile ndondo si Ligi Kuu hata ikijaza watu.

Utasema, jina lina shida gani bwana, watu wanafanya mazoezi. Shida si jina. Shida ni kwamba anayelegea kwenye jina huwa analegea na kwenye umbali. Umekimbia nusu marathoni tano, kila moja saa yako ya mkononi inasoma kitu tofauti: huku kilomita 19 na nusu, kule kilomita 22. Saa hizo huwa zinakosea kidogo, na mkimbiaji anayepita nje ya kona huongeza mita zake mwenyewe. Lakini tofauti ya kilomita nzima si kona wala saa. Ni mtu aliyepima njia kwa pikipiki, au kwa ramani ya simu akiwa ofisini.

Na hili si la Waswahili peke yetu. Mbio za Manchester, Uingereza, za mwaka 2013, 2014 na 2015 zilikuja kugundulika kuwa pungufu kwa mita 380. Maelfu ya watu waliokuwa wanajivunia muda wao wakaambiwa hautambuliki. Kule Bangkok, Thailand, mwaka 2015 waliolipia nusu marathoni walijikuta wamekimbia takriban kilomita 27, maana waligeuzwa mahali siko. Fikiria umejipanga kwa dakika 90, mwamuzi anakuchezesha 115 bila kukuambia.

Njia ya mbio hupimwa kwa baiskeli. Inafungwa kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, kwanza inapimwa kwenye kipande kilichonyooka ambacho urefu wake unajulikana, ndipo inaingia barabarani. Mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kupita bila kudanganya. Mwisho anaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Kwa marathoni kamili hizo ni mita 42.

Kazi hiyo haihitaji mitambo ya kutisha. Ni baiskeli, kifaa kidogo, mtu mwenye ujuzi na asubuhi moja ya barabara tulivu. Mwandaaji anayekusanya mamilioni halafu anashindwa kulipia hilo, anakudharau tu.

MGENI RASMI NA JUA LA SAA MBILI

Wapenzi wa soka mnaikumbuka Mei 8, 2021. Dabi ya Kariakoo ilikuwa ichezwe saa 11 jioni, ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaenda uwanjani kwa saa yao ya awali, mechi ikaishia kuahirishwa, na nchi nzima ikachachamaa. Yote hayo ni kwa sababu ya saa mbili.

Kwenye mbio za mitaani muda unachezewa na hakuna anayechachamaa. Tangazo linasema saa 12 kamili asubuhi. Watu wameamka saa 10, wamekunywa chai, wamepasha misuli. Saa 12 inafika, mshereheshaji anasema mgeni rasmi yuko njiani. Saa 12 na nusu, bado yuko njiani. Saa 1 anafika, anasalimia, anahutubia, anapiga picha, ndipo kipenga kinalia.

Kwa Dar es Salaam huo si usumbufu tu, ni hatari ya kiafya. Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, joto linabaki ndani. Aliyepanga kumaliza kilomita 21 zake kwa saa mbili na nusu, akianza saa 12 anafika saa 2 na nusu. Akianza saa 1, saa nzima ya mwisho anakimbia kwenye jua kali, na hiyo ndiyo saa ambayo mwili umebakiza kidogo kuliko saa zote. Huyo mkimbiaji mwembamba wa mbele alishamaliza zamani. Anayeumia ni mama wa ofisini na baba mwenye kitambi, wale waliolipa zaidi na watakaokaa barabarani muda mrefu zaidi.

Mgeni rasmi aheshimiwe, lakini anaweza kabisa kutoa hotuba wakati wa kugawa medali. Watu wakiwa wamemaliza watamsikiliza vizuri zaidi, na watampigia makofi ya kweli.

GARI LA WAGONJWA SI PAMBO

Sasa tuje kwenye jambo zito. Shabiki wa soka anajua kwamba mwamuzi hatakiwi kuanzisha mechi ya ligi kama gari la wagonjwa halipo uwanjani. Tunalalamika, tunasema ni ukiritimba, lakini sababu tunaijua. Tulimwona Marc-Vivien Foé wa Cameroon akianguka pale Lyon mwaka 2003 na hakuamka. Tulimwona Christian Eriksen akianguka pale Copenhagen Juni 12, 2021, moyo umesimama, wakambonyeza kifua palepale kwenye nyasi, wakamshtua kwa mashine. Leo yupo hai, alirudi uwanjani na akafunga bao Euro 2024.

Mechi moja ina wachezaji 22 waliopimwa afya, kwenye eneo la mita 105 kwa 68. Mbio za mtaani zina watu 2,000 ambao wengi hawajapimwa chochote, wametawanyika kwenye kilomita 21 za barabara. Ni wapi panahitaji daktari zaidi?

Tusitishane lakini. Kukimbia hakuui hovyo. Watafiti wa Marekani waliangalia watu milioni 10.9 waliokimbia marathoni na nusu marathoni nchini humo kati ya mwaka 2000 na 2010. Walioanguka kwa moyo kusimama walikuwa 59, wengi wao wanaume, na 42 kati yao walifariki. Kwa idadi ile ya wakimbiaji ni wachache mno. Ukikaa kwenye kochi na soda na chipsi kila siku, hatari yako ni kubwa zaidi.

Ila kuna jambo jingine kwenye utafiti huohuo ambalo waandaaji wetu wanatakiwa kulibandika ukutani: waliopona ni hasa wale waliobonyezwa kifua mapema na watu waliokuwa karibu. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi ya kupona kwa kati ya asilimia 7 na 10. Dakika kumi ni nyingi. Kama gari moja la wagonjwa limepaki kwenye jukwaa la mgeni rasmi na mtu ameanguka kilomita ya 16, huku foleni ya magari imebana njia nzima, hilo gari ni pambo.

Dawa yake si bei ya ndege. Vijana wa kujitolea wanaogawa maji kila baada ya kilomita mbili au tatu wafundishwe kubonyeza kifua. Ni somo la saa chache. Wapewe namba moja ya simu ya kupiga. Bodaboda wawili wenye wahudumu wa afya wazunguke njia nzima, maana bodaboda inapita pale gari linaposhindwa.

Halafu kuna barabara yenyewe. Julai 2023 jijini Mwanza gari liliwaparamia wanajogingi waliokuwa kwenye mazoezi yao ya asubuhi, na watu wakapoteza maisha. Hawakuwa kwenye mbio za mamilioni, walikuwa kundi la mtaani tu, wakifanya kile ambacho serikali inawahimiza wafanye. Kwa hiyo tunapozungumzia usalama hatuzungumzii kitu cha kufikirika.

Mbio iliyolipiwa inatakiwa kufunga barabara, au angalau upande mmoja, na askari wa usalama barabarani kwenye kila makutano. Koni chache za plastiki na kijana mwenye kibendera hazimzuii dereva anayekimbizana na abiria. Na klabu za mtaani nazo zina wajibu: fulana zinazong'aa, taa mbele na nyuma alfajiri, kukimbia kwa mistari miwili badala ya kujaza barabara, na kuacha spika isiyowaruhusu kusikia honi.

NA WEWE MKIMBIAJI, HEBU TUKUANGALIE

Waandaaji tumewasema. Sasa tusifanye kama shabiki anayemlaumu mwamuzi wakati timu yake haijafanya mazoezi.

Kuna ugonjwa wa kununua namba wiki tatu kabla, kilomita 21, kwa sababu ofisi nzima imenunua. Mtu ambaye mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule. Hakuna timu inayoingia ligi bila maandalizi ya msimu, wewe unaingia barabarani na nini? Kwa mtu anayeweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, wiki 10 hadi 12 za mazoezi ya kupanda taratibu ndizo zinazomfikisha 21 akiwa salama. Kama huwezi 5, anza na 5. Hakuna aibu, na medali inang'aa vilevile.

Kipimo cha kasi ya mazoezi unacho mdomoni. Kama unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako bila kukata, hiyo kasi ni yako. Kama unatoa neno moja moja, umezidisha. Ndiyo maana zile klabu za jogingi zinazoimba njia nzima zina hekima kuliko zinavyoonekana. Asiyeweza kuitikia wimbo amepitwa na kasi, na kiongozi mzuri anapunguza.

Maji nayo yana kanuni. Tumezoea kuambiwa kunywa, kunywa, kunywa. Lakini mwaka 2002 kwenye Boston Marathon walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi imeshuka kupita kiasi, hasa kwa sababu ya kunywa maji mengi njiani, mpaka wengine wakaongezeka uzito. Hali hiyo inaweza kuua. Kunywa unapohisi kiu, usinywe kila kikombe unachopewa.

Halafu kuna hili la kukimbia na namba ya mtu mwingine. Jamaa kapata safari, anakupa namba yake, unaona umeokoa Sh40,000. Ukianguka, wahudumu wanasoma namba, wanapiga simu kwa mke wa jamaa aliyeko Mbeya. Aina ya dawa unazotumia hawaijui, nduguzo hawawajui. Kwenye mpira huo unaitwa usajili wa kughushi na timu inapokwa pointi. Barabarani unaweza kukugharimu zaidi ya pointi.

Na wale wa kukata kona, wanaopanda bodaboda kilomita ya 8 na kushuka ya 18, wajue hawajavumbua kitu. Mwaka 1980 Rosie Ruiz alivishwa taji la Boston kwa wanawake, ikaja kubainika kuwa aliingia njiani karibu na mwisho. Akavuliwa, ushindi akapewa Jacqueline Gareau wa Canada. Leo zipo chipu kwenye namba na mikeka ya kuzisoma njiani. Mwenye namba isiyosomeka kwenye mkeka wa katikati anajulikana, ni kwamba tu waandaaji wengi wanaogopa kumwaibisha mteja.

HELA YA HISANI INAENDA WAPI?

Mwandaaji atajitetea, na ana haki ya kusikilizwa. Fulana ina gharama. Medali ina gharama. Chipu za kupima muda, maji, askari, madaktari, ukumbi, zawadi za washindi, vyote vinalipiwa. Mbio ndogo za kata, za watu 200 wanaochangia zahanati yao, haziwezi kubebeshwa masharti ya Moshi. Nakubali. Kilomita 5 za mtaani zinaweza kwenda bila chipu na bila medali.

Lakini gharama isiwe kichaka. Kama tangazo linasema mbio hizi ni za kusaidia watoto, wajawazito au madawati ya shule, mwenye namba amekuwa mchangiaji na mchangiaji ana haki ya hesabu. Zilikusanywa ngapi kwa namba, mdhamini alitoa ngapi, maandalizi yalikula ngapi, waliolengwa walipata ngapi. Karatasi moja, ndani ya miezi miwili au mitatu. Mfano wa hundi kubwa ya plastiki wanayoshika jukwaani si hesabu.

Waandaaji wanatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka za michezo kabla ya kutangaza mbio. Basi kibali hicho kisiwe muhuri tu. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na chama cha riadha wakiamua leo kwamba hakuna kibali cha mbio inayouzwa kwa zaidi ya kiasi fulani bila cheti cha kipimo cha njia, mpango wa matibabu, mpango wa barabara na taarifa ya fedha ya mwaka uliopita, nusu ya vurugu hizi zitaisha ndani ya msimu mmoja. TFF wanazifungia klabu na viwanja visivyokidhi vigezo, na kelele zinapigwa, lakini mwisho wa siku nyasi zinapandwa.

TUTAPATA AKINA SIMBU WENGINE?

Kuna watu wanasema mbio hizi zitatuzalia mabingwa. Tuwe wakweli. Mhasibu wa miaka 38 anayekimbia nusu marathoni kwa saa mbili na dakika 20 hatapanda jukwaa la Olimpiki. Mabingwa wanatoka kwa watoto wa shule wanaokimbia UMITASHUMTA na UMISSETA, wakionekana mapema, wakapata kocha, chakula na kambi. Simbu alichukua shaba ya dunia London mwaka 2017, akaendelea kupigania nafasi yake miaka minane mpaka Tokyo. Gabriel Geay alikimbia saa 2:03:00 kule Valencia mwaka 2022. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023. Hao hawakutokana na fulana za kampuni.

Lakini hela ya mhasibu inaweza kumfikia huyo mtoto, na hapo ndipo mbio za mtaani zinaweza kuwa na maana kubwa kuliko picha za mitandaoni. Kila mbio ya kulipia iweke kundi la vijana wa chini ya miaka 20 bila kiingilio, wakimbie kilomita 5 zilizopimwa kweli, muda wao uandikwe na kupelekwa chama cha riadha cha mkoa. Kipimo kikiwa cha kweli, kocha wa Arusha anaweza kumsoma mtoto wa Lindi kwenye karatasi. Kipimo kikiwa cha pikipiki, hiyo karatasi ni ya kufungia maandazi.

Unaona sasa kwa nini nimeng'ang'ania baiskeli na mita. Njia isiyopimwa inamdhulumu aliyelipa, halafu inamficha mtoto mwenye kipaji.

MASWALI MANNE KABLA YA KULIPA

Nguvu ya kubadilisha haya unayo wewe mwenye hela, kama vile mashabiki mlivyo na nguvu pale mnaposusa kununua tiketi. Kabla ya kutuma muamala kwa simu, piga namba ya mwandaaji au muulize kwenye kurasa zake, hadharani, kila mtu aone. Njia imepimwa na nani? Barabara itafungwa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Magari ya wagonjwa mangapi, na yatakaa kilomita zipi? Za mwaka jana zilikwenda wapi?

Anayejua kazi yake atakujibu kwa dakika mbili. Anayekujibu kwa kukutumia picha ya fulana mpya, ameshakuonyesha anachouza. Hiyo Jumapili vaa raba zako, nenda na klabu ya mtaani kwako, mkimbie kilomita zenu 5 mkiimba. Ni bure, na Sh40,000 yako itakuwa bado mfukoni jioni mechi ikianza.